Mvua ikinyesha baharini, chumvi inakwenda wapi?

SWALI: Assalam aleykum mtaalamu. Mimi ni mkulima wa mwani hapa Jambiani, Unguja. Kila masika, mvua ikipiga siku mbili tatu mfululizo, nikishuka pwani maji yamekupwa huwa nayaonja, na hayana ile chumvi ya siku zote. Baada ya hapo mwani unaanza kupauka na kukatika. Mume wangu ni mvuvi wa nje ya mwamba. Yeye anasema bahari ni kubwa mno, mvua haiwezi kuibadilisha chumvi yake, na huko anakovua hajaona tofauti yoyote. Nani kati yetu anasema kweli? Na kama chumvi inapungua, inakwenda wapi?

JIBU: Wa aleykum salaam, dada yangu. Nimelisoma swali lako mara kadhaa, kwa sababu mabishano yenu ya nyumbani ni yale yale yaliyowashughulisha wataalamu wa bahari kwa miaka mingi, wakiwa na meli na setilaiti. Nitafika huko. Nianze na swali la mwisho, maana jibu lake ni fupi: chumvi haiendi popote. Mvua haiondoi chumvi baharini, inaizimua. Mchuzi uliozidi chumvi ukiuongeza maji, chumvi yote bado imo sufuriani, ila sasa imetawanyika katika maji mengi zaidi. Na jua likiyanyonya maji yale yakawa mvuke, chumvi inabaki pale pale ilipokuwa.

Sasa tupige hesabu, na tuipige kwa madumu, maana ndiyo tunayobeba kila siku.

Kilo moja ya maji ya bahari ina chumvi gramu 35 hivi. Mvua haina chumvi, au ina chembe isiyofaa kuhesabiwa. Na mvua tunapoambiwa imenyesha milimita 100, maana yake kila mita moja ya mraba imepokea lita 100, yaani madumu matano ya lita ishirini ishirini. Hiyo ni mvua kubwa ya siku moja, ya masika yaliyokolea. Pale unaposimama wewe, maji yakiwa ya magoti, tuseme nusu mita, chini ya kila mita ya mraba kuna lita 500: madumu 25. Mwaga humo madumu matano ya mvua, upate 30. Chumvi ni ile ile, maji yameongezeka, na kile kiwango cha 35 kinashuka hadi 29. Ulimi unaijua tofauti hiyo bila kufundishwa.

Kwa mumeo hesabu ni nyingine. Nje ya mwamba, upande wenu wa mashariki, bahari inaporomoka kwenda kina kirefu haraka sana. Tuchukue mita 40 tu za juu, ambazo upepo na mawimbi huzikoroga pamoja. Hizo ni madumu 2,000 chini ya kila mita ya mraba. Ongeza madumu yale yale matano: 35 inashuka hadi 34.9. Hakuna ulimi wa kuonja hiyo. Kwa hiyo mumeo hasemi uongo, wala wewe husemi uongo. Ila hesabu yake imejengwa juu ya jambo moja ambalo hakulikagua, nalo ndilo kiini cha jibu langu: tumechukulia kwamba madumu matano ya mvua yamekorogwa vizuri na yale 2,000. Aliyekoroga ni nani?

Maji ya mvua hayachanganyiki na bahari kwa sababu tu yameiangukia. Tangi la lita 1,000 la maji ya bahari ya kwetu, yenye joto la nyuzi 28, lina uzito wa kilo 1,022 hivi. Tangi lile lile likijazwa maji ya mvua, uzito unakuwa kama kilo 996. Tofauti ni kilo 26, na kwa maji hiyo si tofauti ndogo. Mtu anaweza kusema: mvua ni baridi, na maji baridi ni mazito, basi itazama. Ni kweli ubaridi huongeza uzito, lakini mvua iliyo baridi kuliko bahari kwa nyuzi tano inapata kilo moja na kidogo tu kwa ubaridi wake, huku ikiwa imekosa kilo 26 kwa kukosa chumvi. Kwa hiyo inaelea. Mvua kubwa ikishuka juu ya bahari tulivu, inatandika tabaka jembamba la maji mepesi juu ya maji mazito, kama mafuta yanavyotanda juu ya mchuzi, ingawa mpaka wake si mkali kama wa mafuta.

Jambo hili nimelielewa zaidi kwenye mabwawa ya chumvi kuliko darasani. Anayefahamu mashamba ya chumvi ya Gongoni na Marereni, kaskazini ya Malindi, au mabwawa ya Pemba, anajua kwamba mvua ni adui wa mwenye shamba. Lakini anayeifahamu kazi hakati tamaa mvua ikinyesha mara moja. Maji yale ya bwawani yamekwisha kukaushwa na jua mpaka yamekolea mara kadhaa kuliko bahari, na mvua inakaa juu yake bila kuingia ndani. Nilimtazama mzee mmoja baada ya manyunyu ya asubuhi. Hakugusa maji kwa mti wala kwa mguu. Aliuendea mlango wa bwawa taratibu, akachomoa ubao wa juu kabisa, mmoja tu, maji ya mvua yakateleza nje, na maji mazito yakabaki. Kijana mmoja alipotaka kuingia bwawani na viatu vyake vya mpira, alizuiwa kwa mkono. Kuingia ni kukoroga, na kilichokorogwa hakitenganiki tena.

Unaweza kuliona hili mezani kwako. Yeyusha vijiko viwili vikubwa vya chumvi katika lita moja ya maji, upate kitu kinachokaribia bahari. Jaza glasi nusu. Chukua maji matamu, yatie rangi kwa tone la sharubati, kisha yamwage polepole mno juu ya mgongo wa kijiko kilichogusa ukuta wa glasi. Rangi itabaki juu. Iache glasi hapo, nenda ukapike, ukirudi bado utaziona sehemu mbili. Kisha puliza kwa nguvu juu yake, au tia kijiko uzungushe mara moja, uone jinsi habari inavyobadilika.

Na ukitaka kuliona baharini kwenyewe, waulize wanaokwenda pweza kwa kuzamia na miwani. Mimi niliwahi kuingia majini baada ya mvua ya masika iliyopiga saa mbili bila upepo, tumetia nanga kati ya Unguja na bara. Kichwa changu kilipokuwa karibu na uso wa maji sikuona kitu: mkono wangu mwenyewe ulikuwa umefifia, unacheza kama hewa inavyocheza juu ya paa la mabati wakati wa jua la mchana. Nikadhani miwani imeingia ukungu. Nikazama kidogo zaidi, kama urefu wa mkono, na ghafla maji yakawa safi, mchanga wa chini unaonekana, na ngozi ikasikia uvuguvugu. Nikapanda, ukungu na ubaridi vikarudi. Ule ukungu ni mahali maji mepesi na maji mazito yanapogusana na kuanza kuchanganyika: mwanga hupinda kila unapotoka katika moja kuingia jingine. Nilipanda na kuzama pale mara nyingi mpaka nahodha akaniita. Nilikuwa najua kwa vitabu kwamba tabaka hilo lipo. Kulipitia kwa uso wangu ni kitu kingine.

Matone yenyewe yanafanya kazi kidogo ya kukoroga. Tone nene la milimita tano hufika likiwa na mwendo wa karibu mita tisa kwa sekunde, linatoboa uso wa maji, na mara nyingine linatuma chini pete ya maji matamu kama pete ya moshi, ikashuka sentimita kadhaa kabla ya kuvunjika. Ndiyo maana tabaka la mvua huwa na unene fulani, halikai kama karatasi. Pete hizo zina kazi nyingine ambayo mabaharia waliijua kabla ya wataalamu: mvua hulaza bahari. Osborne Reynolds, mtaalamu wa Uingereza aliyebobea katika mwendo wa maji, aliandika mwaka 1875 kueleza kwa nini mvua hutuliza mawimbi, akasema matone huyachanganya maji ya juu na kuvunja nguvu ya mawimbi madogo. Muulize mumeo: mvua nzito ikishuka, vile viwimbi vidogo vya upepo hufutika, bahari inakuwa kama imepigwa pasi, inabaki ile milima mipana inayotoka mbali.

Lakini mkorogaji mkuu ni upepo. Mvua ikija na upepo unaozidi kilomita 30 kwa saa, tabaka linararuliwa mara tu linapoundwa, na baada ya muda mfupi huwezi kulipata. Mvua ikija upepo umekufa, tabaka linaweza kukaa saa nyingi, likipeperuka polepole juu ya maji mengine, hadi upepo uamke au usiku uingie. Usiku maji ya juu hupoa, yakazidi kuwa mazito, yakaanza kuzama na kujikoroga yenyewe. Kwa hiyo swali la kuuliza baada ya mvua kubwa si la milimita peke yake. Uliza pia upepo ulikuwaje ilipokuwa ikinyesha, na umekuwaje tangu ilipokatika. Mvua ya milimita 30 katika utulivu hubadilisha uso wa bahari kuliko ya milimita 100 iliyokuja na dhoruba.

Hapo ndipo ninaporudi kwenye mabishano yenu. Shirika la Ulaya la anga lilirusha setilaiti iitwayo SMOS mwezi Novemba 2009, na Marekani na Argentina wakarusha chombo kiitwacho Aquarius mwezi Juni 2011, kilichofanya kazi hadi Juni 2015. Marekani wakafuatisha SMAP mwezi Januari 2015. Zote zilitengenezwa kusikiliza mnong'ono wa mawimbi ya redio yanayotoka kwenye uso wa bahari, na mnong'ono huo hubadilika kwa kadiri ya chumvi. Ila unatoka katika sentimita moja tu ya juu. Upande mwingine kuna vyombo vya Argo, mabomba karibu 4,000 yaliyotapakaa bahari zote za dunia, yanayozama hadi mita 2,000 na kupanda yakipima njiani. Mengi huzima pampu yake yakikaribia mita tano kutoka juu, ili yasifyonze uchafu unaoelea. Mvua ikinyesha, setilaiti inasema maji yamepungua chumvi, Argo linasema mimi sijaona kitu. Setilaiti ni wewe, dada yangu, na Argo ni mumeo. Kila kimoja kimepima sawasawa pale kilipopima.

Kulimaliza suala hilo, wataalamu walikwenda katika Pasifiki ya mashariki mwaka 2016 na 2017, kwenye nyuzi 10 kaskazini ya ikweta na 125 magharibi, mahali penye mvua za mara kwa mara. Utafiti huo uliitwa SPURS-2. Kati ya vifaa vyao kilikuwapo kimoja ninachokipenda kwa usahili wake: mpira wa maji ulioning'inizwa kwa boriti mbele ya meli, pembeni, ukaachwa uburuzike juu ya uso wa bahari kama nyoka, ukifyonza sentimita chache za juu kabla meli haijazivuruga. Waliuita nyoka. Pamoja nao walikuwa na vipimo vya kina cha chini zaidi, hivyo waliweza kuona tabaka la mvua likizaliwa, likipeperushwa, likififia. Yule anayechota maji kwa ndoo nyuma ya mashine ya boti hataliona kamwe, kwa sababu mashine yake imekwisha kulikoroga.

Mtu anaweza kuuliza: kama tabaka lenyewe linaishi saa chache, lina faida gani kulijua? Jibu ni kwamba mahali mvua inaponyesha mwaka hadi mwaka, athari hizi ndogo zinajumlika. Sehemu kubwa ya mvua ya dunia, kiasi cha robo tatu na zaidi, huangukia baharini, si nchi kavu. Tazama ramani ya chumvi ya bahari, utaona mvua imejiandika humo. Kwenye ukanda wa mawingu karibu na ikweta chumvi iko chini. Mbali kidogo kaskazini na kusini, kwenye nyuzi 20 hadi 30, mbingu huwa kavu na jua hunyonya kuliko mvua inavyorudisha, na katikati ya Atlantiki chumvi inapita 37. Karibu nasi, Bahari ya Arabu inafika 36 na zaidi, na Ghuba ya Uajemi, inakopakana na Oman na majirani zake, inafika 40 na kuendelea, maana hakuna mvua ya kuizimua na jua halina huruma.

Kisha kuna Ghuba ya Bengal, upande wa pili wa India. Latitudo ni zile zile za Bahari ya Arabu, lakini mvua za pepo za msimu na mito ya Ganges, Brahmaputra na Irrawaddy hushusha chumvi ya uso wake wa kaskazini mpaka chini ya 30. Huko tabaka la juu halifutiki usiku, linakaa miezi. Na kukaa kwake kuna gharama. Kwa kawaida kimbunga kikipita juu ya bahari hukoroga, kikaleta juu maji baridi ya chini, na ubaridi huo hukinyima chakula. Pale penye tabaka jepesi la maji yaliyozimuliwa, ukorogaji unagonga mwamba: maji baridi hayapandi, uso unabaki na joto, na kimbunga kinaendelea kula. Wataalamu waliolinganisha vimbunga vingi, katika utafiti uliochapishwa mwaka 2012, walikuta vile vinavyopita juu ya maji ya namna hiyo hupata nguvu haraka kwa karibu nusu zaidi ya vingine. Hivyo chumvi ya uso wa maji, kitu ambacho mtu angedhani ni cha ladha tu, inaingia katika uhai wa watu wa Bangladesh na Myanmar.

Mwaka huo huo, 2012, jarida la Science lilitoa kazi ya Paul Durack na wenzake waliolinganisha vipimo vya chumvi kuanzia 1950 hadi 2000. Walikuta maji yenye chumvi nyingi yamezidi kuwa na chumvi, na yale ya maeneo ya mvua yamezidi kuzimuliwa. Kutokana na hilo walikadiria kwamba mzunguko wa maji wa dunia, kunyonywa na kurudishwa, umeongeza kasi kwa asilimia 4 katika miaka hiyo 50. Ni vigumu mno kuhesabu mvua inayoanguka katikati ya bahari, hakuna wa kuweka ndoo huko. Bahari yenyewe ndiyo iliyotunza hesabu, kwa chumvi yake.

Nirudi kwetu pwani, maana hapa kuna jambo watu hulichanganya. Mvua inayoanguka juu ya bahari ni kitu kimoja, na mvua iliyoanguka bara ikakusanywa na mto ni kingine. Rufiji hukusanya maji ya eneo la kilomita za mraba 177,000 hivi, karibu moja ya tano ya Tanzania bara, na kuyamwaga yote katika delta moja, mkabala na Mafia. Katika mafuriko ya Aprili 2024, wakati Rufiji na Kibiti zilipokuwa chini ya maji, maji hayo yote yalikuwa njiani kwenda baharini, mekundu, mepesi, yakielea juu ya maji ya chumvi. Sabaki hufanya vivyo hivyo Malindi: kila masika ufuo unageuka rangi ya chai ya maziwa. Mkondo wa pwani yetu huelekea kaskazini, kwa hiyo ulimi wa maji ya mto huinama upande huo. Dumu moja la mvua iliyopitia mtoni linakuja na wenzake wengi kuliko dumu lililoanguka moja kwa moja.

Unguja haina mto wa namna hiyo, na Jambiani ndiyo kabisa. Mvua ya kwenu inazama katika mawe ya matumbawe, ikatafuta njia chini kwa chini, sehemu yake ikatokea pwani kupitia nyufa na vichemchemi. Bila shaka unajua mahali ambapo, maji yakikupwa, ukifukua mchanga unapata maji yasiyo chumvi. Kwa hiyo shamba lako linazimuliwa kutoka juu na kutoka chini.

Sasa mwani wenyewe. Nataka kuwa mwangalifu hapa, maana kuna wanaoitupia mvua lawama zote. Katika majaribio ya maabara ya miaka ya 1990 juu ya spinosum na kotonii, aina mbili za mwani unaolimwa, ugonjwa ule wa matawi kuwa meupe na kukatika ulichochewa na mambo matatu: joto la nyuzi 33 hadi 35, mwanga hafifu, na chumvi ya 20 au chini yake. Hesabu yetu ya maji ya magoti ilitupa 29. Hiyo inausumbua mmea, haiufikishi kwenye hatari. Ila angalia saa ya mvua. Bamvua, maji yamekupwa sana, shamba limebaki na maji ya kifundo cha mguu, sentimita 10: madumu matano tu kwa kila mita ya mraba. Mvua ya milimita 50 ikipiga ndani ya saa hizo chache inaongeza madumu mawili na nusu, na 35 inaporomoka hadi 23, kabla hatujahesabu maji yanayotiririka kutoka kijijini na yale ya vichemchemini. Mwani uliolala juu juu, karibu na uso wa maji, unapokea tabaka jepesi lenyewe, na huko chumvi ni chini zaidi ya wastani huo. Hapo umeingia eneo la hatari kweli. Maji yakijaa, bamvua hiyo hiyo inakuletea bahari mpya na kuyafukuza yale yaliyozimuliwa. Maji mafu ni kinyume chake: hayakupwi sana, hivyo mwani haupati pigo kali la mara moja, lakini maji hubadilishana kidogo, na mvua ya siku tatu inakusanyika ndani ya mwamba bila kutolewa. Nikisikia "mvua ya siku mbili tatu mfululizo" na "unaanza kupauka", ningetaka kujua ilikuwa tarehe ngapi ya mwezi mwandamo.

Na mawingu ya siku hizo tatu yameuficha mwanga, ambao ni moja ya yale mambo matatu. Chumvi haiko peke yake katika kesi hii.

Kinachoweza kusaidia ni kina. Kamba inayokaa nusu mita chini ya maji, hata maji yakikupwa, iko chini ya tabaka baya zaidi. Wakulima waliohamishia kamba zao kwenye maji ya kina zaidi walikimbia joto, na kwa njia hiyo hiyo wamekimbia mvua, mradi kamba zisielee juu kabisa. Kamba inayoelea usoni mwa maji, upepo ukiwa umekufa na mvua inamwagika, inakula maji matamu kuliko mahali pengine popote baharini. Ishushe kwa jiwe mpaka upepo urudi. Matumbawe hayana wa kuyashusha. Mwisho wa Desemba 1987, mvua za mafuriko zilishusha chumvi ya mita moja hadi mbili za juu katika Ghuba ya Kaneohe, kisiwa cha Oahu, Hawaii, mpaka 15 kwa siku mbili hadi tatu, na viumbe wa mwamba katika maji mafupi wakafa kwa wingi. Walio chini kidogo tu walisalimika. Pweza naye hastahimili maji yaliyozimuliwa. Anahama kwenda kwenye kina, na bila shaka mumeo amekwisha kuona kwamba baada ya mvua kubwa mashimo ya juu mwambani huwa matupu.

Ikiwa mnataka kulimaliza ninyi wenyewe, msinitegemee mimi. Siku ya mvua kubwa isiyo na upepo, radi zikiwa zimekwisha kupita, mpe mumeo chupa mbili za kioo za soda. Za plastiki zitabanwa na maji kule chini. Ya kwanza aijaze usoni mwa maji, mbele ya chombo, mashine imezimwa, bila kukoroga, shingo ikiwa imelala ubavu. Ya pili aizibe kwa kizibo, aifunge jiwe, aishushe pima tatu kwa kamba, kisha akivute kizibo kwa uzi wa pili. Kizibo kitakuwa kigumu kidogo kwa sababu ya uzito wa maji, asishangae. Azijaze hivyo mara tatu nne, na maji ya juu na ya chini ayaweke mbali mbali. Wewe chota yako shambani, maji yakikupwa. Pimeni lita moja ya kila aina, mchemshe katika sufuria tatu safi kwa moto mdogo mwishoni mpaka zikauke, kisha mkwangue chumvi na kuipima kwenye mizani ya dukani. Ya kutoka pima tatu itakuwa karibu gramu 35. Ya usoni ni pungufu, kwa kadiri upepo ulivyokuwa umelala. Ya shambani kwako naomba uniandikie ilikuwa gramu ngapi, na pamoja nayo saa ya kuchota, tarehe ya mwezi mwandamo, na kama majani ya minazi yalikuwa yanatikisika.